Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?



Watoto wetu wengi wanaijua filamu ya katuni ya The Lion King, iliyotoka mwaka 1994, ambayo wanyama wanaongea na kuimba. Wachache wanajua kwamba mwaka 1998 ilifuata ya pili, inayoitwa The Lion King II: Simba's Pride. Kule Marekani hiyo ya pili haikupelekwa kwenye majumba ya sinema, ilitolewa katika kanda za kutazama nyumbani pamoja na jamaa. Kwetu inafika kama filamu nyingine zinavyofika: mtu amekwenda Kampala kuchukua sabuni, chumvi na biskuti pale Kikuubo, naye anarudi na filamu ndani ya flash. Jioni watoto wanajaa mbele ya televisheni, na wazee wanapita wakisema huo ni mchezo wa watoto. Mimi ningeomba wazee nao waketi waitazame, maana swali lililomo ndani yake ni letu.

Kwa ufupi hadithi ni hii. Katika filamu ya kwanza, Scar alimuua ndugu yake, mfalme Mufasa, akatwaa nchi. Simba, mwana wa Mufasa, alikimbilia ugenini, akakua huko, halafu akarudi na kumshinda. Katika filamu ya pili Simba ni mfalme, naye amewafukuza wote waliomfuata Scar. Wanakaa katika nchi kavu isiyo na mawindo. Miongoni mwao yuko mama mmoja, Zira, na watoto wake watatu. Mdogo kabisa, Kovu, alifukuzwa angali mchanga. Hakumuua mtu yeyote. Lakini mama yake anamlea kwa kazi moja tu: akue, aingie kwa Simba, amuue.

Waliotunga filamu walichukua majina mengi kutoka lugha yetu, na sisi tunayasikia vizuri kuliko wao. Mtoto wa kwanza anaitwa Nuka. Binti anaitwa Vitani. Scar ni neno la Kiingereza la kovu, kwa hiyo kitinda mimba amepewa jina la muuaji, ingawa filamu yenyewe inasema hakuwa mwana wake wa damu. Zira naye ndiye mwenye kuzira, yaani kususa kwa hasira. Tazameni mama huyo: hata kabla watoto hawajatembea, amekwisha kuwaandikia maisha yao katika majina.

Sasa swali. Je, mtoto anarithi kosa la wakubwa wake? Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Sisi tuliotoka Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini tunajua methali hiyo imefanya kazi gani. Kwa ajili yake watu wameuliza jina la ukoo kabla ya kuuliza jina la mtu. Nadhani tutapata jibu tukitenganisha mambo matatu ambayo tumezoea kuyachanganya.

Kwanza ni hatia. Hatia inatoka katika tendo, na tendo lina mwenyewe. Torati iliwakataza waamuzi kumwua mwana kwa kosa la baba. Mfalme Amazia aliwaua watumishi waliomuua baba yake, lakini watoto wao akawaacha hai. Nabii Ezekieli, akiongea na watu waliohamishwa kwa nguvu kama sisi, anatumia sura ya 18 nzima kuikataa methali ya namna hiyo. Kovu mchanga hakuwa na hatia yoyote. Simba alipomfukuza pamoja na mama yake, alimhukumu kwa kosa la mwingine.

Pili ni matokeo. Haya yanarithiwa, tupende tusipende. Kovu alirithi njaa na nchi kavu. Watoto wetu waliozaliwa hapa wamerithi ukimbizi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 12, inapoeleza nani aliyezaliwa nchini anaweza kuandikishwa kuwa raia, inamwacha nje yule ambaye mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Mtoto huyo hajavuka mpaka wowote. Siyo kwamba amehukumiwa, lakini anabeba.

Na faida nayo ni tokeo. Hapa Kikuubo inatusaidia kufikiri. Mnakijua kichochoro kile, chembamba kama jina lake, watu na wabeba mizigo wanasukumana, wafanyabiashara wametoka Juba, Bunia na Goma. Tuseme baba alichukua katoni mia kwa mkopo, akafa kabla ya kulipa. Mwana akirithi duka pamoja na katoni, mwenye mali ana haki ya kumwendea, maana mali yake imo mle ndani. Lakini mwana asiyerithi hata sanduku la kiberiti, kumdai ni kumwonea. Na katika hali zote mbili hakuna anayesema mwana ndiye mdanganyifu. Vivyo hivyo, mtoto anayelima shamba ambalo baba yake alimnyang'anya jirani siyo mwizi, lakini shamba siyo lake. Akishajua ukweli, akakataa kuzungumza habari ya kulirudisha, hapo anaanza kosa lake mwenyewe.

Tatu ni mafundisho. Chuki haimo katika damu. Kovu hakuwa mwana wa Scar, lakini alifundishwa kuwa Scar. Wahenga hao hao walisema pia, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na watoto wanalipa bei ya shule hiyo. Nuka, akitaka mama yake amwone hata mara moja, anakimbilia vita na kufa chini ya magogo. Huko Ituri tuliona watoto wa kweli. Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa kuwaingiza vitani watoto wasiofika miaka 15.

Mtu atauliza: aliyefundishwa kuua, akaua, tunamwitaje? Swali hilo ni gumu, na hapa Uganda liliulizwa kwa kweli. Dominic Ongwen alitekwa na jeshi la LRA angali mtoto, akakulia porini, akawa kamanda. Mwaka 2021 mahakama ile ile ilimhukumu miaka 25. Majaji walikubali kwamba utoto wake ulioharibiwa unapunguza adhabu, lakini hawakukubali kwamba unafuta matendo yake ya utu uzima. Nadhani walitenganisha vizuri. Mafundisho mabaya yanaeleza tendo, lakini hayaligeuzi kuwa la mtu mwingine. Kovu naye alifika mahali pa kuchagua. Alikuwa karibu na Simba, nafasi ilikuwapo, naye hakuruka.

Tusimcheke Simba. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baba yake aliuawa, na mpango wa Zira ulikuwa wa kweli. Mama aliyepoteza watoto kwa panga ana haki ya kuogopa, wala hatumwambii asahau. Lakini hofu inaruhusu tahadhari, hairuhusu hukumu. Naweza kufunga mlango wangu usiku. Siwezi kumkataza mtoto wa jirani kuteka maji kwa sababu ya mahali alikozaliwa babu yake. Kumbukeni pia kwamba wanyama wanapomfukuza Kovu kwa wimbo, hakuna hata mmoja aliyeona kosa lake. Wanaimba kwa sababu wengine wanaimba.

Mwishoni Kiara, binti wa Simba, anasimama na Kovu katikati ya majeshi mawili, anamwuliza baba yake awatazame wale na aseme wana tofauti gani na wao. Vitani anavuka kwanza, halafu wengine. Zira peke yake anabaki. Anaponing'inia juu ya mto, Kiara, mtoto wa adui yake, anamnyoshea mkono. Anauzira, anaanguka.

Wazazi, watoto wetu wanateka maji kwenye bomba moja. Jioni wanarudi nyumbani, nasi ndio tunaowaambia wale wengine ni nani. Tuwaambie ukweli wa yaliyotupata, wasikue katika uongo. Tutaje waliotenda kwa majina yao, siyo kwa jina la kabila. Na habari ikiisha, tusiwape kazi ya kuimaliza.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni jina gani la utani tunalowaita watu wa kabila fulani mbele ya watoto? Je, kuna kitu ndani ya nyumba yetu ambacho mwenyewe bado anakitafuta?