Punda Afe, Mzigo Ufike

Nilipokuwa na miaka kumi, likizo zangu nilizimalizia kijijini kwa mjomba, wilayani Nzega, na kazi yangu ilikuwa moja: kukaa mbele ya mkokoteni wa punda na kushika fimbo. Tulikwenda kisimani alfajiri, tukarudi na madumu manane ya lita 20. Punda yule alikuwa na kidonda karibu na mabega, pale kamba ilipomsugua kila siku. Niligundua upesi kwamba fimbo ikigusa kidonda, mwendo unaongezeka. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo, wala hakuna aliyenikataza.

Kidonda kile nilikisahau kwa miaka mingi. Desemba 2021, serikali ilipotangaza kusitisha uchinjaji wa punda kwa miaka 10, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Wakati huo nchi ilikuwa na machinjio mawili ya punda, moja Dodoma na jingine Shinyanga, jirani zetu wa kaskazini. Kilichotafutwa hasa ni ngozi. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa hadi itoe ejiao, aina ya gundi inayoliwa kama dawa ya kuongeza damu na nguvu, na siku hizi hutiwa hata kwenye vitafunwa. Punda wa China wenyewe walikuwa takribani milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo hawafiki milioni 3. Punda jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo wanunuzi walipogeukia Afrika, hakuna kundi ambalo lingeweza kuzaliana kwa kasi ya kisu.

Nilikuwa na hoja zangu zote tayari. Nikazibeba hadi Nzega.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia mmetukataza kuuza punda."

Alisema "mmetukataza," kana kwamba mimi ndiye niliyesaini. Nikamweleza habari za mateso: wanyama wanaosafirishwa siku nyingi bila maji, wizi wa punda, machinjio yanayofurika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mwaka mmoja mvua ilipokatika aliuza punda wawili, na ndiyo iliyokuwa ada ya binti yake. "Ninyi mnamhurumia siku ya kufa," akasema. "Siku nyingine zote ni wetu."

Nilipoaga, alinipa kuku wawili, kama ilivyo desturi. Aliwafunga miguu kwa kamba ya katani, nami nikawachukua vichwa chini hadi stendi, nikawasukuma chini ya kiti cha basi. Safari ilikuwa ndefu na joto kali. Mmoja alifika amekufa. Kibudu hakiliwi, nikamtupa. Mwingine tulimla jioni ile na wali, na katika mazungumzo ya mezani nikarudia hoja zangu kuhusu punda. Nilipolala ndipo nilipowakumbuka kuku.

Wanaopinga makatazo ya namna hii wana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Mwaka 2006 baraza la jiji la Chicago, Marekani, lilipiga marufuku mikahawa kuuza foie gras, ini la bata aliyelishwa kwa nguvu kwa mrija hadi ini livimbe. Mwaka 2008 baraza hilohilo liliifuta marufuku yake. Wapinzani walikuwa wameuliza: kwa nini chakula cha watu wachache, huku mamilioni ya kuku wakikaa katika vizimba ambavyo hawawezi hata kukunjua mbawa? Jibu ni kwamba kukataza sahani ya mwingine ni rahisi. Na sisi vilevile. Kwa Waislamu wengi wa Tabora punda wa kufugwa ni haramu, na Wakristo wengi ninaowafahamu wangekimbia meza. Katazo la 2021 halikuondoa tonge hata moja midomoni mwetu.

Hata hivyo siamini kwamba unafiki wa anayekataza unalifanya katazo kuwa bovu. Punda aliyenusurika Shinyanga hana haja ya kujua nia zetu zilikuwa safi kiasi gani. Huruma isiyo kamili bado ni huruma kwa yule aliyeipata. Kinachonisumbua ni kingine: tulimwokoa punda kama nani?

Tazama sababu zilizotolewa. Kenya, Februari 2020, Waziri wa Kilimo Peter Munya alipiga marufuku uchinjaji wa punda baada ya malalamiko ya wenye punda waliokuwa wakiibiwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, walikubaliana kukomesha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kote huko hoja iliyosikika zaidi ilikuwa kwamba punda akiisha, nani atabeba maji, kuni na mavuno? Ni hoja ya kweli, hasa kwa wanawake. Lakini isikilize vizuri. Inamtetea punda ili aendelee kubeba.

Watu wa Tabora tuna sababu ya kuitambua hoja hiyo. Ukienda Kwihara, ilipo nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1872, utaonyeshwa miembe na kuambiwa habari za misafara. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 na zaidi ya punda 20 na farasi wawili. Farasi walikufa mapema, na punda wengi hawakuiona Tabora. Mbung'o na maradhi vilikuwa vimeifunga njia kwa wanyama wa mizigo. Kwa hiyo pembe za ndovu, vitambaa na shanga vilipita kwenye mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya 30. Mpagazi aliyeugua aliweza kuachwa njiani. Mzigo wake ukagawanywa kwa wenzake, msafara ukaendelea. Mpaka leo tunasema "punda afe, mzigo ufike," na tunasema tukicheka. Sijui tulipoanza kuisema, lakini najua kwamba katika njia hii punda hakuwa punda tu.

Ndiyo maana nadhani kipimo cha katazo la aina hii si kama linapatana na kila jambo jingine tunalofanya. Hakuna katazo lingepita. Kipimo ni kama linaufikia mkono wa anayelitoa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo tayari, na haikuandikwa kwa ajili ya machinjio tu. Inahusu pia namna tunavyowafanyisha kazi na kuwasafirisha. Sijawahi kumwona mtu akiulizwa stendi kuhusu kuku aliyening'inia kichwa chini. Mimi sikuulizwa. Kuhusu ngozi inayopelekwa China nilikuwa na maneno elfu moja. Kuhusu kamba ya katani sikuwa na hata moja.

Safari iliyofuata nilikwenda kwa mjomba na blanketi kuukuu. Tulilikunja, tukalishonea ndani ya gunia, tukaliweka chini ya kamba inayomkaa punda mabegani. Si yule wa utotoni mwangu, ila kidonda kilikuwa mahali palepale. Mjomba alicheka, lakini alishona. Kisha nikapendekeza madumu yapunguzwe, sita badala ya manane, mpaka kidonda kipone.

Mke wa mjomba alikuwa amesimama mlangoni, akihesabu. Madumu mawili yaliyobaki yangehitaji safari ya pili, na mjomba akishaondoka kwenda shamba, mtu wa safari hiyo ni yeye, dumu kichwani.

"Punda umempunguzia, mwanangu," aliniambia. "Na mimi?"

Asubuhi ile nilibeba moja mimi, la pili akabeba yeye. Keshokutwa yake nilipanda basi.