Kitambi cha Fisadi

Mwaka 1876 William Tweed alikamatwa Hispania, na inasimuliwa kwamba kilichomponza ni katuni. Huyu alikuwa bwana mkubwa wa siasa za New York, mwenye majengo na mkurugenzi wa kampuni ya reli, aliyetoroka kifungoni na kuvuka bahari. Thomas Nast, mchoraji wa jarida la Harper's Weekly, alikuwa amemchora katika sare za mfungwa, amewakamata watoto wawili ukosi. Wahispania wakaitambua sura ile. Ila walidhani kosa lake ni kuiba watoto, si fedha za umma.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa katuni. Mimi nakiona kama fumbo lake: uso ulisomeka, kosa halikusomeka hata kidogo. Wala si ujinga wa polisi. Kibaka ana mkono, ana mbio, ana mtu anayepiga kelele nyuma yake. Tajiri anayeiba ana ankara, saini, muhuri na kikao kilichoidhinisha malipo. Ukiishika karatasi moja moja, kila moja iko sawa. Uovu umo katika namna zinavyopangwa pamoja, na mpangilio hauna pua wala macho.

Ndipo mchoraji anapolazimika kuazima mwili. Mwaka 1889, katika jarida la Puck, Joseph Keppler aliwachora wakuu wa makampuni hodhi wakiwa wamesimama nyuma ya maseneta wa Marekani, matumbo yao yakiwa mifuko ya dola. Tumbo hilo halijapungua mpaka leo. Fisadi wa magazeti yetu bado analibeba, pamoja na suti inayombana na sigara nene ambayo sijui ni nani Dar es Salaam anayeivuta. Wenye fedha ninaowaona mimi ni wembamba, hukimbia alfajiri, na huchangia misikiti na makanisa. Mhasibu aliyegonga muhuri anaweza kuitazama katuni hiyo, akacheka kwa dhati, akalikunja gazeti na kurudi kazini.

Hata hivyo, bila mwili hasira haiji. Julai 1871 gazeti la New York Times lilichapisha hesabu za jengo la mahakama la New York, lililojengwa enzi za Tweed: mkandarasi mmoja alilipwa zaidi ya dola milioni 2.8 kwa plasta na ukarabati. Tarakimu ya namna hiyo humpumbaza msomaji kabla haijamkasirisha. Na kuna wizi ambao hata kitu cha kuchora haukuacha. Katika kashfa ya Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Kenya ililipa kampuni moja fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyochimba almasi na yenye dhahabu kidogo tu. Kilichokuwepo hasa ni fomu. Mchoraji akichora vipande vya dhahabu, amerudia uongo wa kampuni. Asipovichora, hana picha.

Nast aliwahi kupata njia. Agosti 1871 aliwapanga wanasiasa na wakandarasi wa jengo lile katika duara, chini yake swali la nani kaiba fedha za umma, na kila mmoja akimwonyesha kidole jirani yake. Tumbo la Tweed limo, ila halihitajiki: lifute, na picha inabaki. Hapo amechora kosa lenyewe, yaani jukumu lililogawanywa mpaka halina mwenyewe. Sijaona katuni nyingine ya fedha iliyofika mbali hivyo.

Mahakama nayo ilikutana na taabu ileile. Mwaka 1873 Tweed alitiwa hatiani kwa mashtaka 204 yaliyohusu kutokagua ankara za wakandarasi, makosa madogo kisheria. Nast alikuwa ameshamchora kama tai mla mizoga, na kama mtu mwenye mfuko wa fedha mahali pa kichwa. Mahakama ilikuwa na mtu na rundo la karatasi ambazo hakuzikagua. Nani kati yao aliukaribia ukweli zaidi? Nadhani mahakama, na hilo linanikera, kwa sababu picha yake isingeuza gazeti hata moja.