Je, Nikiacha Kutamani Nitakuwa na Furaha?

Fungua nami 1 Samweli 1:1-18, kisha uweke kidole pale Wafilipi 4:10-13, tutafika huko.

Kuna fundisho linalozunguka siku hizi hata ndani ya kanisa, kwamba ukitaka furaha ya kweli, acha kutaka. Si geni. Karne nyingi kabla ya Kristo, Budha alifundisha huko India kwamba mateso ya mwanadamu yana mzizi wake katika tamaa, na anayeizima tamaa amepona. Wastoiko nao, wale Paulo aliokutana nao Athene katika Matendo 17:18, walifundisha kwamba mwenye hekima hatikiswi na shauku ya kitu chochote.

Na tuseme ukweli, hawa watu hawakuota. Tamaa inaua. Angalia vijana wetu na kubeti. Angalia baba anayekopa kwa simu ili alipe mkopo mwingine wa simu, na ule wa kwanza ulikuwa wa nini? Runinga, kwa sababu jirani ameweka kubwa. Biblia haifichi jambo hili. Soma Hesabu 11. Waisraeli walikuwa na mana kila asubuhi, lakini wakalia wakikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu. (Viboko vya Misri hakuna aliyevikumbuka siku hiyo!) Mungu akawaletea kware, aliyekusanya kidogo akapata homeri 10. Nyama ikiwa bado katikati ya meno, pigo likashuka. Mahali pale pakaitwa Kibroth-hataava, yaani makaburi ya tamaa.

Kwa hivyo tuikate? Hebu sikiliza Kiswahili chetu wenyewe. Mtu aliyefika mahali hatamani tena chochote tunasema amepona? La. Tunasema amekata tamaa. Na mtu akikata tamaa, majirani hawampongezi, wanamwita mchungaji.

Dada mmoja, si wa ushirika huu, na amenipa ruhusa nilisema, ameolewa miaka 11 na hajapata mtoto. Akaniambia, "Pasta, siku hizi niko sawa. Nimeacha kutaka." Waliokuwa pale wakasema amina. Mimi amina ilinikwama kooni. Nilimtazama nikaona mtu aliyechoka kuomba, anayeogopa kuumia tena, halafu uchoko huo ameupa jina la amani. Wangapi humu tuko hivyo? Kazi uliyoomba mpaka ukanyamaza. Mume aliyeondoka. Mtoto aliye kwenye pombe, na siku hizi hata jina lake hulitaji kwenye maombi.

Sasa mtazame Yesu. Katika Luka 22:15 anawaambia wanafunzi jinsi alivyotamani sana kula nao Pasaka ile kabla hajateswa. Neno la Kigiriki lililoandikwa pale ni lile lile ambalo Yakobo 1:14 analitumia kwa tamaa inayomvuta mtu dhambini. Mwana wa Mungu, asiye na dhambi, alitamani! Usiku ule ule akiwa Gethsemane alitaka kikombe kimwondokee, na akasema wazi kwa Baba, jasho likimtiririka kama matone ya damu. Hakujifanya hataki. Alitaka, akasema, kisha akayaweka mapenzi yake chini ya mapenzi ya Baba.

Na Paulo je, si alisema amejifunza kuridhika, akiwa na kingi au akiwa na njaa? Ndiyo, Wafilipi 4. Lakini rudi sura ya 1 ya barua hiyo hiyo, aliyoiandika akiwa kifungoni. Mstari wa 8 anawaonea Wafilipi shauku. Mstari wa 23 anatamani kwenda kukaa na Kristo. Mtu aliyeridhika, na bado moyo unawaka! Kuridhika kwake kulitoka kwa yule anayemtia nguvu.

Tumalizie Shilo. Hana alikuwa na mume mwema, anampa fungu la pekee, na anamuuliza kama yeye hamfai kuliko wana 10. Ni kama kumwambia, mama, acha kutaka. Hana hakuacha. Hakumpigia Penina makelele pia. Aliinuka akaenda mbele za Bwana, akalia mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Waisraeli jangwani waliipeleka hamu yao Misri. Hana yake aliipeleka hekaluni.

Sasa soma mstari wa 18 polepole, maana hapa ndipo watu wengi hupita mbio. Alienda zake, akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Lini? Samweli hajazaliwa. Mimba haijaingia. Mikono ni mitupu kama alivyokuja, na haja yake anayo bado, maana ameiwekea nadhiri. Lakini mama anakula ugali wake!

Ijumaa tuna kesha. Usije na haja zile rahisi za kutaja mbele za watu. Njoo na ile uliyoacha kuiomba. Andika kwa karatasi ukitaka, hakuna atakayeisoma, na kama maneno hayatoki, Hana naye midomo ilicheza tu, sauti haikusikika. Wamama wa jikoni wataandaa chai na mandazi kabla hatujatawanyika alfajiri.