Haki ya Asiyeonekana Konani

Mtu aliyeazimia kupanda milima ya Usambara kwa pikipiki, akitoka Mombo penye joto na mashamba ya mkonge hadi Lushoto, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hana budi kufanya tadbiri mapema. Maana lami ile ya kilomita 33 hivi, mkono mmoja ina mwamba na mkono wa pili ina korongo, nayo haimpi msafiri nafasi ya kufikiri pindi hatari ikisha kufika.

Safari hiyo ndiyo niipangayo sasa. Nangoja masika yapite, kwa kuwa kati ya Machi na Mei udongo wa milimani hulainika ukaporomokea njiani. Nimenuia kupumzika Soni, penye maporomoko ya maji. Kulala Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmsthal kwa taadhima ya mfalme wao. Kisha kupita msitu wa Magamba na soko la Lukozi hadi Mtae, ambako mlima hukatika ghafla na nyika ya Mkomazi ikatandazika chini, pana kama bahari.

Ama matairi, breki na koti zito la ukungu wa asubuhi, hayo kila mwenye akili huyakumbuka. Lililonishughulisha zaidi ni yule nisiyemwona. Nyuma ya kila kona yupo mja wa Mungu: mama wa Kisambaa aliyejitwika mzigo wa kuni, watoto watokao shule, kijana wa bodaboda na abiria wake, au dereva wa lori lililosheheni kabichi na viazi vya soko la Dar es Salaam. Kwao barabara hii ni riziki ya kila siku, ilhali kwangu ni tafrija. Na mgeni aliyekuja kustarehe hana haki ya kumtia hofu mwenyeji aliye kazini.

Kwa sababu hiyo, kushika kushoto, kupiga honi kabla ya kona, kupunguza mwendo kabla ya kuingia na wala si katikati yake, na kuteremka kwa gia ndogo ili breki zisichemke, mambo hayo nayahesabu kuwa insafu, ingawa wapenda mbio huyaita woga. Aghalabu dhuluma za dunia hutendwa na watu wasiokuwa na chuki, ila hawakumfikiri asiyekuwa mbele ya macho yao: mfanyabiashara apunjaye mizani, mkubwa atiaye sahihi karatasi asiyoisoma, mkata miti asiyewajali wanywao maji ya chemchemi chini ya mlima.

Basi nawe unuiaye kupanda Usambara, jipe siku nzima kwa njia ambayo wengine huimaliza kwa saa moja, na katika hesabu ya safari yako mtangulize yule usiyemwona, kisha ndipo uihesabu nafsi yako.