Asiyejua Kuogelea Apandapo Mashua: Je, Ni Imani au Ni Kumjaribu Mungu?

Kisiwa cha Idjwi kiko katikati ya ziwa Kivu. Upande wa kusini uko mji wa Bukavu, upande wa kaskazini uko mji wa Goma, na katikati ni maji matupu. Mtu wa Idjwi atakaye kufika mjini, awe mgonjwa, mchuuzi au mwanafunzi, hana budi kupanda chombo. Tena ziwa hilo lina kina kikubwa sana. Mahali penye kina zaidi hupita meta 450, na pande nyingi kando yake hushuka ghafula, hata mtu akijitenga na ufuko kidogo tu, miguu yake haigusi tena chini. Lakini wengi miongoni mwa wasafiri wa ziwa hilo hawajui kuogelea.

Basi, ulizo latokea lenyewe. Mtu asiyejua kuogelea, akipanda mashua, je, afanya vema au afanya vibaya? Wako wasemao: «Huyo ajiua mwenyewe.» Wako wengine wasemao: «Huyo ana imani, amemwachia Mungu yote.» Yafaa kuyapima maneno hayo mawili polepole, maana kila moja lina kipande cha kweli, na kila moja laweza kumpoteza mtu.

Tuseme katika kijiji kimoja cha kisiwa hicho yuko kijana mwenye shamba la mananasi, na yuko mjomba wake, mzee wa kuheshimiwa. Mananasi yameiva. Kule Goma yana bei nzuri, na mtoto wa kijana huyo ahitaji karo ya shule. Jioni moja akaenda kumwaga mjomba wake.

«Mjomba, kesho alfajiri naenda Goma na mananasi.»

«Mpwa wangu, wajua kuogelea?»

«Sijui, Mjomba.»

«Basi, kule majini wafuata nini? Asiye na mabawa hajaribu kuruka. Asiyejua kuogelea akae nchi kavu.»

«Mjomba, siku yangu ikifika, itanikuta hata kitandani. Wazee walisema ajali haina kinga. Mungu yupo.»

Mzee akanyamaza. Yeye mwenyewe hakupata kupanda chombo hata mara moja tangu kuzaliwa kwake. Ndugu yake alipokufa huko Goma, jamaa wote walivuka kwenda kumzika. Yeye alibaki kisiwani, akamlilia ndugu yake peke yake mlangoni pa nyumba. Tena alipokuwa na watoto wadogo aliwakataza kabisa kucheza majini, nao wakakua bila kujua kuogelea, kama yeye.

Asubuhi kijana akafika ufukoni na mzigo wake. Mashua ilikuwa imejaa watu, magunia ya makaa na mbuzi. Ukingo wake ulibaki juu ya maji kwa kadiri ya kiganja kimoja. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma.

«Panda, kijana,» nahodha akasema, «nafasi ya mtu mmoja haikosi.»

«Bwana nahodha, makoti ya kuokolea yako wapi?»

«Miaka mingi twapita hapa bila makoti hayo. Wewe huna imani?»

Kijana akautazama ule ukingo na yale maji. Jana alisema Mungu yupo, na neno hilo ni kweli. Lakini sasa alitambua kwamba jana alilisema ili asifikiri zaidi. Akautua mzigo wake mchangani, akarudi nyumbani.

Je, mashua ile ilizama? La, haikuzama. Ilifika Goma salama, watu wakauza vitu vyao kwa faida, wakarudi wakicheka. Mananasi ya kijana mengi yakaoza, na karo ya mtoto haikutimia. Rafiki zake wakamwuliza: «Umeona? Hofu yako imekula mali yako.»

Hapo ndipo ugumu wa jambo ulipo. Kama mashua ingalizama, kila mtu angalimsifu kijana kwa busara yake. Kwa kuwa ilifika, wanamwita mwoga. Lakini je, uzuri wa tendo wategemea bahati ya upepo? Mtu akirusha jiwe kubwa usiku katika njia ipitwayo na watu, na jiwe lisimpige mtu, hawezi kusema: «Nimefanya vema, maana hakuna aliyeumia.» Kosa lilikuwa katika kurusha. Vivyo hivyo mtu apimapo shauri lake, hulipima kwa yale awezayo kuyajua kabla ya safari: uzito wa mizigo, hali ya upepo, chombo chenyewe, na haja inayompeleka. Hawezi kulipima kwa yale yatakayotokea baadaye. Kijana alikuwa na haki, ingawa mashua ilifika. Na wale waliofika wamepata hasara wasiyoiona: wamejifunza kwamba hatari si kitu, na kesho watapakia zaidi.

Sasa yafaa kusikiliza habari ya safari moja iliyoandikwa katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, maana ndani yake wametajwa waziwazi watu wasiojua kuogelea. Mtakatifu Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Roma pamoja na wengine. Merikebu ilikuwa na watu 276. Walipokuwa katika kisiwa cha Krete, majira mabaya yalikuwa yamekaribia, na Paulo akawaonya kwamba safari hiyo italeta hasara. Lakini akida wa askari akamsadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Wakang'oa nanga. Upepo mwororo ukawadanganya kidogo, kisha tufani ikawashika kwa siku nyingi.

Hapo yako mambo matatu ya kutazamwa sana.

Jambo la kwanza: Paulo, mtu wa imani kubwa, ndiye aliyeshauri kutosafiri. Yeye hakuwa mwoga wa maji. Kabla ya safari hiyo alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na chombo mara tatu, kama alivyowaandikia Wakorinto. Lakini hakuona kwamba kutazama majira na pepo ni kupungukiwa na imani.

Jambo la pili: katikati ya tufani Paulo alipata ahadi ya Mungu kwamba hapana hata mmoja atakayepotea. Kisha usiku mmoja mabaharia wakataka kutoroka kwa mashua ndogo, wakiwaacha abiria. Je, Paulo alisema: «Waacheni waende, maana Mungu ameahidi»? La. Alimwambia akida na askari kwamba mabaharia wakiondoka, wao hawawezi kuokoka. Askari wakazikata kamba za mashua ile. Basi, yule yule aliyekuwa na ahadi ya Mungu mkononi, ndiye aliyelinda kazi ya mabaharia. Alijua kwamba Mungu huokoa watu kwa njia ya mikono ya watu.

Jambo la tatu: merikebu ilipokwama karibu na nchi na kuanza kuvunjika, akida aliamuru wenye kujua kuogelea wajitupe kwanza, wafike pwani. Wale wengine wakafuata, hawa juu ya mbao, hawa juu ya vipande vya merikebu. Wote wakafika salama katika kisiwa cha Malta. Wasiojua kuogelea hawakuambiwa waombe tu, wala hawakuambiwa kwamba safari ya majini si yao. Kila mmoja alipata kitu cha kushika.

Kutoka habari hiyo twaona wazi tofauti kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu Mungu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alifundisha kwamba mtu humjaribu Mungu anapoacha bila haja yale awezayo kuyafanya mwenyewe kwa kujisaidia, akingoja kuona kama Mungu atamwokoa. Tena alifundisha kwamba kutoogopa kitu chochote kwaweza kuwa kosa, maana mtu mwenye akili huogopa linalostahili kuogopwa. Basi, hofu si adui wa imani. Hofu ni kama mlinzi wa mlango: akilala, mwizi huingia, lakini akimfungia nje hata mwenye nyumba, kazi yake imeharibika.

Hapo mjomba naye ana la kujifunza. Hofu yake ilimfungia ndani. Haja ya kumzika ndugu ilikuwa kubwa, chombo kizuri kilikuwapo siku ile, na jamaa wote walivuka bila shida, naye hakwenda. Haja na hatari hupimwa pamoja. Mama mwenye mtoto mahututi, ambaye hana dawa isipokuwa ng'ambo ya ziwa, aweza kuikubali hatari ambayo mwenye mananasi haimpasi kuikubali, maana akibaki, mtoto afa. Mananasi yakioza, mwaka ujao yatazaa mengine.

Lakini mzigo wa jambo hili haumwangukii msafiri peke yake. Asiyejua kuogelea apandapo chombo, ameweka maisha yake mkononi mwa mtu mwingine. Mwenye chombo amepokea amana. Mtu akiwekewa fedha na jirani yake, akizitumia, ni mwizi. Je, aliyewekewa roho za watu, akazihatarisha kwa ajili ya nauli ya watu kumi zaidi, aitweje? Mwaka 2024, vita ilipokata njia ya nchi kavu kati ya Minova na Goma, watu wengi walilazimika kupita ziwani pamoja na mazao yao. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova, imejaa watu na mizigo, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma. Watu walisimama ufukoni wakaiona kwa macho. Wengi walikufa, nao walikuwa wamekwisha kuiona nchi. Wengi wa abiria hao hawakuwa na njia nyingine. Si haki kuwaambia wafu: «Kwa nini hamkujifunza kuogelea?» Maneno hayo hutupa kosa juu ya mnyonge, na kumwachilia yule aliyejua idadi ya watu wake na uzito wa mizigo yake.

Hata hivyo, kila mtu ana sehemu yake.

Msafiri, kabla ya kupanda, atazame chombo na upepo, na awe na kitu cha kuelea. Kama hakuna koti la kuokolea, bidoni tupu ya lita 20, iliyofungwa sana kizibo chake, yaweza kushikilia kichwa cha mtu juu ya maji. Ndiyo mbao zile za merikebu ya Paulo.

Mwenye chombo asipakie kupita kiasi, wala asimwonee haya abiria wa mwisho anayemkataza. Tena asilitumie jina la imani ili kunyamazisha ulizo la haki.

Ajuaye kuogelea amepewa kitu ambacho wenzake hawana, naye adaiwa. Lakini asijitupe ovyo juu ya anayezama, maana mfa maji haachi kutapatapa, na humshika mwokozi wake akamzamisha naye. Kwanza amtupie kamba, mti au bidoni.

Wazazi nao, badala ya kuwakataza watoto maji siku zote, wawapeleke mahali pasipo kina, mtu mzima ajuaye kuogelea akiwa karibu, wajifunze. Marufuku peke yake humlinda mtoto mpaka siku ile atakapolazimika kusafiri. Siku hiyo haimsaidii tena.

Na yule kijana? Juma lililofuata akapata mashua nyingine, yenye mizigo ya kadiri. Akafunga bidoni mbili tupu kando ya mzigo wake. Mjomba alimsindikiza mpaka ufukoni, akazitazama zile bidoni kwa muda mrefu.

«Mpwa wangu, ya pili ni ya nani?»

«Ni yako, Mjomba, ukitaka. Kaburi la ndugu yako liko Goma.»

Mzee akavua viatu vyake, akashikwa mkono, akapanda. Alikaa katikati ya mashua, mkono mmoja juu ya bidoni, mkono mwingine juu ya rozari yake, wala hakuachia hata kimoja mpaka walipofika.

Maulizo

Ulizo: Asiyejua kuogelea, je, atenda dhambi akipanda mashua?
Jibu: La, kama ana haja ya kweli, na amefanya yale awezayo ili kujilinda.

Ulizo: Ni wakati gani mtu humjaribu Mungu?
Jibu: Aachapo bila haja msaada ulio mkononi mwake, akimdai Mungu amwokoe.

Ulizo: Chombo kilichopakia kupita kiasi kikifika salama, je, nahodha amefanya vema?
Jibu: La. Amehatarisha roho alizowekewa. Kufika hakuondoi kosa.

Ulizo: Wajuao kuogelea wawafanyie nini wasiojua?
Jibu: Wawatupie kitu cha kushika wawapo hatarini, na wawafundishe wawapo salama.