Je, Punguzo Laweza Kuwa Uongo?

Mwezi wa Desemba Wachagga walio mbali hurudi mlimani kula Noeli, na Januari watoto huanza shule. Majuma hayo maduka mengi hutundika vibao vya punguzo: 20 kwa mia, 30 kwa mia, hata nusu ya bei. Twauliza: muuzaji akipandisha bei kwanza ili apate cha kupunguza, ametenda kosa gani?

Tutazame hesabu. Sare ya shule yauzwa shilingi 20,000, bei iliyokwisha kulipa gharama na faida. Usiku mmoja yapandishwa 50 kwa mia, yawa 30,000. Asubuhi kibao chatangaza punguzo la 20 kwa mia. Mama aliyeshuka Moshi kutoka Kibosho alipa 24,000, ashukuru kwamba ameokoa 6,000, kumbe ameongeza 4,000. Nyongeza ilihesabiwa juu ya 20,000, punguzo juu ya 30,000.

Mchanganyiko huo humdhuru hata muuzaji mnyofu. Mwenye duka dogo hununua kitu kwa 8,000, hukiuza 10,000. Faida yake ni 25 kwa mia ya alichonunulia. Rafiki akiombea punguzo la 25 kwa mia, yeye hudhani anasamehe faida tu; kumbe apokea 7,500, na mtaji umepungua 500. Watu wa mlima huu, ambao tangu KNCU ianzishwe mwaka 1933 wamezoea stakabadhi za kahawa na makato yake, wasishindwe na hesabu hii.

Faida yenyewe si dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alikubali kwamba mfanyabiashara aweza kutafuta faida ya kadiri ili alishe nyumba yake au awasaidie maskini. Apelekaye bidhaa Rombo alipa nauli, na vingine vyamwozea njiani. Lakini Mtakatifu huyo alikataza kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida, kwa kuwa shida hiyo si mali ya muuzaji hata aiuze.

Wengine watasema: na soko la Mbuyuni je, ambako mtu hutaja 15,000 akitumaini 10,000? Hatuoni uongo hapo, maana wote wawili wajua kwamba bei ya kwanza ni mlango wa mazungumzo. Kibao chashuhudia kwamba bei fulani ilikuwapo kweli, na watu walinunua kwayo. Hata kama sare ingeuzwa mwishowe kwa 20,000 zile zile, amri ya saba isingevunjwa, lakini ya nane ingevunjwa: mama amenyimwa ukweli ambao kwa huo angeamua kununua leo, au kungoja, au kushonesha kwa fundi jirani. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza kumpotosha mnunuzi.

Aliyepokea zile 4,000 adaiwa. Maondoleo ya kitubio hayafuti deni: mnunuzi akijulikana arudishiwe, asipojulikana fedha ziende kwa maskini. Mwenye duka aweza kujitetea kwamba hakuandika majina ya walionunua. Yawezekana, lakini daftari la mauzo lamwonyesha sare ngapi zilitoka, na kuzidisha kwa 4,000 ni kazi ya dakika moja.