Koti la Kuazima Kamachumu

Ndugu msomaji, haya niliyaona kwa macho yangu, na sehemu ya kosa ni yangu.

Ilikuwa Aprili. Tulitoka Dar es Salaam kumsindikiza bwana harusi Kamachumu, wilayani Muleba. Kadi ilisema wanaume wavae nadhifu, suti si lazima. Mdogo wake bwana harusi, kijana mwenye heshima zake, akalipima neno hilo kwa joto la Dar: suruali nyeupe ya kitani, shati jembamba la mikono mifupi, na moka mpya za kuvaa bila soksi. Alipojitazama kwenye kioo cha duka Kariakoo, alipendeza kweli.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa mengi. Kwanza, shangazi yao wa Bukoba aliandika kwenye kundi la WhatsApp: "Wanangu, huku ni masika, na kwa wakwe mwanamume huingia na koti. Njooni nayo." Tukamjibu kwa alama ya dole gumba, tukapita.

Pili, meli kutoka Mwanza. Usiku wa manane upepo wa ziwa ulipovuma, wenyeji walitoa masweta kwenye mabegi bila haraka, kama watu wanaojua waendako. Kijana wetu alijifunika kitenge alichopewa na mama mmoja.

Tatu, asubuhi tulishuka Bukoba mvua ikinyesha. Usiku, pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji ya Ziwa Victoria yenye uvuguvugu, mawingu yakapanda, kisha upepo wa mashariki ukayasukuma upande wa Bukoba. Ndiyo maana mvua ya Bukoba hupenda kuja alfajiri.

Nne, viatu vya kijana wetu. Shangazi aliviangalia, akauliza, "Baba, mbona soli hazina meno?" Akajibiwa, "Tutakuwa ndani ya gari, shangazi." Kisigino kilikuwa kimeshaanza kuwa chekundu.

Gari liliishia barabarani. Iliyobaki ilikuwa njia ya udongo mwekundu katikati ya migomba, na hapo aliteleza. Suruali ikawa nyekundu kuanzia gotini, shati likamganda mwilini. Mlangoni viatu vilivuliwa, na kila mtu akakiona kisigino kilichochubuka. Wenyeji hawakucheka. Mzee mmoja alivua koti lake, akamvisha mabegani.

Lakini nafasi yake kando ya mshenga ilikuwa imekaliwa na mwingine. Emwani zilipopitishwa, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo Wahaya humkaribisha nazo mgeni, yeye alikuwa jikoni akisafishwa kidonda. Alisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa ajili ya saa ile, na saa ile ikampita.

Nami je? Melini niliona begi lake halina koti. Ndani ya begi langu mlikuwa na masweta mawili. Nikanyamaza nisionekane namwingilia. Kunyamaza kule hakukuwa heshima.

Ndugu zangu, hali ya hewa ya wastani hudanganya. Bukoba mchana joto hufika kama nyuzi 26, usiku hushuka hadi kama 17. Ukisoma namba hizo tu utasema ni raha tupu. Lakini mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na Aprili ndio mwezi wake mkubwa. Hivyo basi, vaa suruali ya kadeti ya rangi nzito, kahawia au bluu. Shati liwe la mikono mirefu, na juu yake koti jepesi lenye bitana. Viatu viwe vya ngozi, vya kufunga kamba, vyenye soli ya meno, na viwe vimeshauzoea mguu wako. Soksi ziwe nzima, kwa sababu mlangoni utavua. Beba mwavuli. Na wenyeji wakisema kanzu na koti, basi ni kanzu na koti. Hilo ni vazi la heshima kwao, nawe umekwenda kuomba undugu.

Kadi huandikiwa watu wote, lakini aliyekualika anaujua udongo wa kwao. Mpigie simu kabla hujaenda dukani. Na akikuambia jambo, tafadhali, usimjibu kwa dole gumba.